Mfuniko wa Mninga

Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Nilikuwa na akili zangu timamu, pombe sijaionja, na jua lilikuwa bado linawaka. Wapo watakaosema wapiga muziki tuna maneno mengi. Waseme. Kule kijijini Zombo bado wapo watu waliokuwepo siku ile, na hakuna hata mmoja anayenicheka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumwagika madukani. Nilipata kinanda cha umeme cha mtumba, kizima kabisa isipokuwa kitufe kimoja. Shida ilikuwa vijijini kwetu umeme ni hadithi. Watu wanaoa, wanabatiza, wanataka kucheza, lakini utachomeka wapi? Nikaamua kuunda sanduku moja la kubeba kila kitu: kinanda, betri ya gari, amplifaya na spika mbili, nyaya zikiwa zimeshafungwa humo humo. Nikifika, nang'oa mfuniko, nakunjua miguu iliyofichwa chini yake, unakuwa meza. Naweka kinanda juu yake, napiga. Na sanduku zima likae kwenye keria ya baiskeli.

Seremala wangu alikuwa Gasto, rafiki wa utotoni. Sote tulizaliwa kwenye kambi za mkonge kule Rudewa. Baba zetu walikuja kukata mkonge wakabaki hapo hapo. Gasto alitengeneza vitanda, madirisha na majeneza. Sanduku alilipiga kwa mbao za kawaida, ila mfuniko aliutoa kwenye ubao mmoja mpana wa mninga, mwekundu, hauna hata fundo. Nikamuuliza kaupata wapi.

"Umebaki kwenye kazi," akasema, akaendelea kupiga randa.

Sikuuliza kazi gani. Ukiugonga ubao ule ulitoa mlio mtamu, nami ni mtu wa milio. Ningeuliza nini zaidi?

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi Zombo. Kiangazi, vumbi hadi kwenye kope. Nilipiga tangu saa nane, watu wakacheza, kina mama wakanifuta jasho kwa kanga. Alasiri nikaona mzee amesimama pembeni yangu. Alivaa sweta la kahawia katika joto lile, na mkono wa kulia ulikosa vidole viwili, kama wengi walionusurika kwenye mashine ya katani. Nikaacha kupiga, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri, nikarudia kwa sauti. Kimya. Niaminini, hilo ndilo lililonishtua kuliko yote yaliyofuata. Kwetu hata mzee mgonjwa kitandani, hata mliyegombana naye jana, ukimwamkia ataitikia. Yule alinitazama tu, akaweka ule mkono wake juu ya mfuniko, chini ya kinanda changu.

"Maji yananiingia," akasema.

Basi. Nilipogeuka kuwaomba watu wamletee kiti, hakuwepo.

Nikamuuliza shangazi wa bibi harusi mzee yule ni nani. Alikuwa akicheka na wenzake. Nilipotaja sweta, akaacha kucheka. Nilipotaja vidole, akakaa chini.

"Huyo ni baba yake Mama Sesilia, jirani yetu hapa," akasema. "Tumemzika kabla ya masika. Wewe umemwonea wapi?"

Nikafungasha. Nilipogeuza mfuniko nikunje miguu, upande wa chini ulikuwa umelowa, na kwenye kona kulikuwa na tope jekundu, bichi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Nielezeni nyie mnaojua, lile tope lilitoka wapi?

Usiku uleule nikaupeleka mfuniko kwa Gasto. Hakubisha. Alilitazama tope, akaanza kulia kama mtoto. Mzee yule, akasema, alijitunzia mbao za jeneza lake mwenyewe, mninga mtupu, akaziweka darini miaka mingi. Alipokufa familia ikamletea Gasto zote. Naye akauonea tamaa ubao mpana kuliko wote, ule wa mfuniko, akauficha, jeneza akalifunika kwa vipande vya masanduku ya chai. Akapaka rangi, nani angejua?

Sasa, Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakwenda Mikumi. Kulikuwa na hoteli ya wasafiri kando ya barabara kuu, na meneja alikuwa amekubali kunisikiliza. Akinipenda, napiga pale kila wiki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Bila mfuniko sina meza, bila meza sina kazi. Nikajiambia, nikapige kwanza, ubao nitaurudisha Jumapili. Marehemu amengoja masika yote, siku moja itamdhuru nini?

Nikafika Mikumi, nikakunjua meza, nikaunganisha betri. Meneja akavuta kiti. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya maji yakidondoka. Nikabonyeza kitufe kingine, kingine tena: tone, tone, tone, kwenye spika zote mbili. Watu wakadhani ni mbwembwe za kinanda, wakacheka. Nikainua macho. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya meneja. Sweta lilikuwa limelowa hadi kifuani. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

Nikachomoa nyaya mbele ya wageni wote, nikaondoka. Ile kazi alipewa mwingine.

Kesho yake mimi na Gasto tulipiga magoti uani kwa Mama Sesilia, na Gasto akasema yote kwa kinywa chake. Nilitegemea matusi.

"Baba aliogopa kitu kimoja tu," akasema yule mama. "Alikuwa akituambia, mimi mvua zote za maisha haya zimeninyea mgongoni shambani. Nikifa, zisiniguse."

Wazee wa kijiji walikubali kaburi lifunguliwe, katekista akaja. Gasto alichimba peke yake, akakataa kusaidiwa. Alipofika chini alikuta vile vipande vimebonyea na kuoza, na humo ndani, kiangazi kile, mlikuwa na maji. Tukayateka kwa kopo. Nikafungua skrubu za mfuniko wangu pale pale kando ya baiskeli, miguu nikaitupa, ubao tukaulaza mahali pake. Tukafukia. Katekista aliposema amina, nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Sanduku lilikuwa wazi kwenye keria. Betri niliiacha nyumbani, waya zilikuwa zinaning'inia. Kwenye spika, kwa sauti ya mtu aliyelala mahali pakavu, ikatoka:

"Marahaba."

Mama Sesilia alisikia. Ndiyo maana akalia.

Gasto hajatengeneza jeneza tena hadi leo. Mimi napiga bado, kinanda nakiweka juu ya meza ya chuma. Lakini siunganishi betri kabla sijawaamkia wazee wote waliokaa mbele, mmoja mmoja, na nangoja kila mmoja aitikie. Vijana huchoka kunisubiri, wanapiga miluzi. Wapige tu.

Nawe unayenisikiliza, ukipewa kitu kizuri kuliko ulichoomba, uliza kimetoka kazi gani. Na ukimwamkia mzee akakunyamazia, usiseme ni kiziwi. Tazama kwanza umeshika nini mkononi.