Stesheni Isiyo na Reli

Harufu ya dizeli ikishikana na vumbi lililonyeshewa hunirudisha Malangali, mtaa wetu wa Sumbawanga, kwenye stesheni yetu. Msinicheke. Najua Sumbawanga haikuwa na reli. Lakini zamani za mkoloni mabasi ya relwe, yaani ya shirika la reli, ndiyo yaliyopanda huku Ufipa, yakajengewa kijumba cha matofali chenye dirisha la tiketi na benchi refu, nacho kikaitwa stesheni. Nilipopata akili mabasi yalikwisha kuhamia stendi ya mjini. Stesheni ikabakiwa na popo, na alasiri wazazi wetu walisomea humo kisomo cha watu wazima, wakiimba a-e-i-o-u kwa sauti kutushinda sisi watoto. Hata hivyo, kwa babu, mgeni wa heshima alipokelewa stesheni, basi.

Shangazi yangu Oliva alikuwa amepata mchumba Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, alikokwenda kumwuguza dada yake. Aliitwa Leonsi, fundi wa mitumbwi, na hakuwahi kufika kwetu. Babu alimtumia salamu kwa dereva wa lori: "Aje Jumamosi nimwone. Tutampokea stesheni."

Siku hiyo tulijipanga pale: bibi na pombe yake ya ulezi, mama na kuku, mimi na gauni lililonibana makwapani. Jua likapanda, likaanza kushuka. Mgeni hakuna.

"Aliyeshindwa kuja ataweza kuoa?" babu alinguruma. "Kesho nawajibu wale wa Milanzi."

Milanzi kulikuwa na mgane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliyekuwa akimposa shangazi tangu mavuno.

Shangazi hakulia. Alivua viatu, akanishika mkono.

"Oliva!" bibi alimaka. "Mwali hamfuati mume barabarani!"

"Simfuati mume, mama. Nakwenda kuuliza kama lori la Kasanga limefika."

Tulimkuta Leonsi stendi, ameketi juu ya tenga la samaki, migebuka mikavu ya ziwani, inzi wakimsherehekea. Tangu asubuhi alikuwa akiulizia stesheni, na watu wakimcheka: "Ndugu, treni ya hapa bado haijazaliwa!" Mmoja alimshauri apande gari la Tunduma, akaikute reli huko.

"Nilidhani mmenipoteza makusudi," alisema kwa unyonge.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani.

Tuliporudi stesheni jua lilikuwa limeegemea vilima. Leonsi alichutama mbele ya babu, akapiga makofi taratibu kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nilikosa treni, baba."

Sote tukamgeukia babu. Naye akaangua kicheko kilichowatoa popo darini, akasogea kwenye benchi ili kijana apate mahali pa kukaa.

Miaka mingi niliamini kwamba utani ule ndio uliomwokoa Leonsi. Nilipokuwa na mabinti wangu ndipo nilipojiuliza: kama babu alikwisha kumkatia tamaa, mbona tulimkuta bado benchini, na baridi ya Ufipa imeanza kuuma? Hasira yake iliishia mdomoni. Mzee alikuwa akimngoja kijana yule kama sisi sote, pengine kutushinda, ila ubaba haukumruhusu kusema.