Aisii Kutoka kwa Mtu wa Kanisa Letu

Mama alipoacha kwenda kanisani, alisingizia magoti, eti yamechakaa kwa kuchuma chai. Uongo. Alikuwa hasikii mahubiri, na aliona haya kubaki amesimama wakati wengine wameshaketi. Daktari alituambia sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na kidogo, na hicho kidogo kinakwenda. Mimi, mwalimu wa hesabu ninayechezea waya wikendi, nikaahidi kumtengenezea kifaa cha kukuza sauti kabla hicho kidogo hakijaisha.

Vilivyohitajika havikuwa vingi: maikrofoni ndogo, betri, spika za masikioni, na aisii, kale kadude keusi kenye miguu minane kanakokuza sauti. Ningeweza kuiagiza Nairobi, ikaja mpya kwa parseli. Lakini Kaplong kuna fundi wa redio, mtu wa kanisa letu, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Nyeri. Tulipomzika baba, ndiye aliyetufungia vipaza sauti tangu asubuhi hadi jioni, akakataa hata soda. Kwetu hupiti mlango wa mtu kama huyo na mfuko wa duka lingine mkononi. Nikajipa moyo: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Aisii aliyonipa ilikuwa na risasi ya kulehemia ya zamani miguuni, imekwanguliwa ikang'aa. Niliiona pale pale kwenye kaunta.

"Hii ni orijino, mwalimu," alisema. "Nimetoa kwa redio ya kitambo. Hizi mpya za siku hizi ni takataka."

Aliamini anachosema. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakuwa tapeli. Nilinywa chai yake, nikashukuru, nikaenda kuilehemu nyumbani, nikapata mlio wa mahindi yanayokaangwa. Nikarudi. Akasikitika kwa dhati, akanitolea nyingine kwenye redio nyingine. Hiyo ilishika moto hadi haikugusika kwa kidole. Ya tatu ilinyamaza kabisa. Kila mara chai, kila mara "mama anaendeleaje", na kila mara nilitoka pale mwoga zaidi kuliko nilivyoingia. Mvua za masika zikaja zikaisha. Mama akaanza kututazama midomo.

Mwishowe niliagiza Nairobi. Parseli niliipokelea Silibwet, mbali na macho ya Kaplong, kama mlokole anayenunua pombe. Hata mama sikumwambia. Aisii mpya ilifanya kazi siku hiyo hiyo. Nilijaribu mwenyewe kwanza, nikamsikia ng'ombe akicheua kule zizini, nikajiona bingwa.

Nikamvisha mama sikio la kulia, nikafungua sauti yote.

"Mama, leo ng'ombe ametoa lita ngapi?"

Alinitazama mdomo, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Lita ngapi, mama?"

Akaitikia tena. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akanishika mkono, akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia:

"Naskia vizuri sana, kijana yangu. Enda uambie yule fundi asante."

Jumamosi nilikwenda Kaplong, nikamwambia. Alifurahi sana.