Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha ushirika karibu na Tawa, na nilikuwa na maringo. Tulikuwa tumeletewa kipimo kipya, vichupa vidogo vyenye dawa ya zambarau. Unadondoshea maziwa, unakiweka kichupa kwenye maji ya moto, unasubiri. Kikigeuka manjano, maziwa ni safi. Kikibaki zambarau, ng'ombe alitibiwa na mwenyewe hakungoja siku alizoambiwa. Niliwarudishia wazee wenye mvi mitungi yao mbele ya watu, tena kwa mahubiri.

Kisha ng'ombe wangu akaugua matiti. Nikamtia dawa, na kesho yake nikapima maziwa yake kwa siri. Zambarau. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ningeyamwaga, lakini mwaka huo mvua ilikuwa imetunyima na mkono ulikataa. Watoto wangu sikuwapa. Kwa nini, sikujiuliza. Nikampelekea mama mkwe.

Alikuwa akitarajia wageni, akina mama wa kanisa waliokuwa waje kwake Jumamosi kwa maombi. Kijiji kizima kiliyajua maziwa lala ya kibuyu chake, kibuyu alichopewa na mamake siku alipoolewa. Alikisafisha kwa kijinga cha moto kama kawaida yake, akamimina maziwa yangu, akanibariki.

Jumamosi nilifika mapema kumsaidia kupika. Nikamkuta ameketi jikoni, kibuyu, kitete kama alivyokiita, mapajani. Akamimina kidogo kwenye bakuli. Yalitoka mepesi kama maji ya kuoshea mchele, na yalinuka vibaya. Sikuhitaji kichupa kuniambia sababu: maziwa yenye dawa hayagandi, yanaoza tu.

"Hii kitete imezeeka," akasema. "Ama ni mkono yangu imeharibika. Hawa watu wa kanisa watasema nimekuwa mchafu."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa machache tu: ni dawa, mwaitu, mama yangu, si wewe.

"Labda ni baridi," nikasema.

Ilikuwa Oktoba, na jua lilikuwa linapasua mawe. Naona aibu hata kuliandika.

Wageni walikunywa chai ya rangi. Mmoja akamtania kwamba sasa amezeeka, awaachie wasichana kazi ya kugandisha maziwa. Alicheka pamoja nao, lakini macho yake hayakucheka. Nami nilizunguka na birika nikiongeza chai, mkwe mwema machoni pa watu.

Walipoondoka alikipasua kibuyu kwa panga, kila nusu akaitilia maji ya kuku. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Ulinyima watoto wako maziwa ndio uniletee, na mimi nikayaharibu."

Nikamwambia nimemsamehe.