Muvi ya shahidi anayewindwa imenichefua, kwa sababu dada yangu alikuwa shahidi na hakuna hata mmoja aliyemgusa

Habari za mchana wakuu.

Nipo Ujiji, mvua imekaba tangu asubuhi, kazi hakuna. Nikasema leo nilitoe hili dukuduku. Ninayoandika yametokea kweli, ila majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Mkisoma mtaelewa kwa nini.

Jumapili niliingia banda la video na mafundi wenzangu wawili. Mimi natengeneza mashine za boti pale mwalo wa Kibirizi, zinapotia nanga. Ubao wa nje uliandikwa kwa chaki kwamba leo ni muvi ya kibabe, imetafsiriwa, ukikosa usije kulalamika.

Sasa mimi ndiye nalalamika, na niliiona.

Stori iko hivi. Mwanamke anaona mtu akiuawa kwenye maegesho ya magari. Wauaji wanajua kawaona, basi anawindwa. Polisi wanamficha, kumbe polisi mmoja ni msaliti (mlishajua), steringi anabaki peke yake kumlinda mpaka siku ya mahakama.

Jamani, mbovu. Watu kumi wenye bunduki za kisasa wanamkosa mtu aliyesimama mlangoni. Mwanamke anaruka kutoka ghorofani na nywele zake hazijatikisika. Helikopta inalipuka, steringi anatoka na mchubuko mmoja shavuni. Mtafsiri mwenyewe alipoona stori haina kichwa wala miguu akaanza kutunga ya kwake, eti yule msaliti ana shemeji Mwandiga anauza mihogo. Banda zima likacheka. Hiyo ndiyo raha pekee tuliyoipata.

Yote hayo ningesamehe. Kilichonitoa nje ni mwisho.

Saa nzima na nusu ya kukimbizana, halafu mahakamani dakika mbili. Anaulizwa ni nani. Ananyoosha kidole: "Yule pale." Watu wanasimama, muziki, kwisha.

Nikasonya, nikatoka. Wenzangu wakadhani tumbo limenishika.

Wakuu, ngoja niwaambie shahidi anavyowindwa huku kwetu.

Dada yangu, tumwite Anastazia, ameolewa kijiji kimoja cha ziwani, mbele ya Gombe, ukishapita Mwamgongo. Kufika huko ni kwa boti. Ana watoto wanne, kazi yake ni dagaa. Asubuhi moja alikuwa anaanika dagaa kwenye vichanja, wanaume wawili wakagombania nyavu pale pale ufukweni. Mmoja akachukua kasia akampiga mwenzake kichwani. Mara ya kwanza, mara ya pili. Jamaa akaanguka karibu kabisa na vichanja vya dada. Hakufika zahanati.

Ufuko ulikuwa umejaa watu. Polisi walipokuja, kila mtu alikuwa ameinama anatafuta kitu, amegeuka, ameenda chooni. Aliyesema "nimeona" ni dada yangu peke yake. Akatoa maelezo, akaweka dole gumba.

Aliyepiga ni mtoto wa ukoo mkubwa pale kijijini. Aliyekufa ni mtu mwenye asili ya Burundi, alikuja na mkewe Odeta miaka mingi iliyopita, wakajenga, wakazika watoto wawili pale pale. Ila ukoo hana. Kwa hiyo Odeta alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumsemea mumewe, naye ni Anastazia. Odeta alikuwa anampitia kila jioni, anakaa kidogo, anaondoka. Haulizi kitu.

Mnasubiri vitisho? Hakuna. Hakuna simu ya kutisha, hakuna jiwe juu ya bati. Watu waliendelea kumsalimia vizuri. Shikamoo zake ziliitikiwa zote. Hilo ndilo lililokuwa linanipa moyo, mjinga mimi.

Samansi ikaja. Jumatano, Mahakama Kuu, mjini Kigoma.

Hapa ndipo nilipoharibu, na nitasema kama ilivyo.

Huku ziwani ukitaka ndugu yako asafiri vizuri, unampigia nahodha. Ndiyo utaratibu wetu. Unamtajia jina, unamwambia ana shida gani, naye anawatangazia abiria pale ufukweni ili wamwachie nafasi: huyu mgonjwa, huyu ana msiba, huyu ana mtoto mchanga. Nahodha namfahamu, mashine yake naitengeneza mimi. Nikampigia: "Kaka, Jumatano niletee dada yangu Anastazia, anakuja mahakamani, asikose. Mkalishe katikati, pale pasipolowa."

Nikakata simu nimeridhika kabisa. Najiona nimemlinda.

Nahodha hakuwa na nia mbaya. Alifanya anachofanya kila siku. Jumanne jioni akatangaza: kesho katikati paachwe, Anastazia anakwenda mahakamani. Alfajiri dada alipopanda, nafasi yake ilikuwepo kweli. Pembeni ya nafasi hiyo alikuwa ameshakaa mama mzazi wa mshtakiwa.

Bibi yule ni mkunga. Watoto wote wanne wa Anastazia wamepokelewa na mikono yake.

Dada alinihadithia baadaye kipande kwa kipande. Bibi alimshika mkono boti ilipoondoka na hakuuachia mpaka Kibirizi. Saa tatu nzima! Maji yaliporuka alimfunika kitenge chake. Alimenya ndizi akampa nusu. Akamkumbusha mtoto wa pili alivyotanguliza miguu, jinsi walivyohangaika naye mpaka kulipokucha. Kesi hakuitaja hata mara moja. Karibu na kushuka ndipo akasema, "Mwana wanje, tutarudi wote." Mwanangu, tutarudi wote.

Basi. Hiyo ndiyo bunduki iliyotumika.

Na kweli wangerudi wote. Boti ni hiyo hiyo, ufuko ni huo huo, na dada akiugua usiku mtu wa kuitwa ni bibi huyo huyo. Nilimwambia ahamie kabisa kwangu Ujiji, chumba kipo. Akaniuliza, "Na watoto? Na mume wangu aache nyavu aje kufanya nini mjini?"

Mahakamani Odeta alikaa mbele, amevaa gauni la kanisani. Nilikaa nyuma yake. Wakili wa serikali akamuuliza dada alichoona siku ile.

"Sikuona."

Akamsomea maelezo yake mwenyewe ya polisi. Dada akasema aliweka dole gumba bila kusomewa, na wakati wa ugomvi alikuwa nyumbani anapika. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Wakili akarudia swali kwa namna tatu, akapata jibu lile lile. Mimi nikawa naangalia visigino vya Odeta, nyufa zake zimejaa vumbi la barabarani, kwa sababu usoni nisingeweza kumwangalia mtu yeyote.

Shahidi mwingine hakuwepo. Baada ya siku mbili yule jamaa akaachiwa. Siku zote hizo dada alikuwa kwangu, anakula vizuri, analala mchana kutwa. Nilimsindikiza kurudi kwao, maana nilihisi nina deni.

Tukapanda boti mchana. Mmekwisha kukisia. Tulikuwemo wote: dada, mimi, bibi, jamaa aliyeachiwa akiwa na shati jipya, na Odeta. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Watu walipiga stori za bei ya mafuta ya taa.

Tulipokuwa usawa wa Gombe, Odeta akahama alipokuwa amekaa. Akaja akakaa mbele ya Anastazia, magoti kwa magoti. Nikajua sasa kimeumana.

Hakugomba. Akasema taratibu, "Mwenzangu, kesi imekwisha, hakuna wa kumfunga tena. Mimi nataka kitu kimoja tu. Alisema nini kabla hajakata roho? Kama aliniita, niambie tu."

Bibi alikuwa pembeni yetu, anaangalia maji. Mwanawe alikuwa nyuma yake.

Dada yangu akasema, "Sikuwepo, mama."

Odeta akaitikia kwa kichwa. Akarudi alipotoka, akajifunika kanga mpaka tulipofika.

Wakuu, alikuwepo. Siku ile ya tukio alinipigia simu analia, akaniambia kila kitu. Yule mtu alilala kichwa kikiwa kwenye paja lake. Aliongea. Alisema, "Mwambieni Odeta asije huku, asinione hivi."

Ni mwaka na zaidi sasa. Jioni Odeta haendi tena kwa dada. Dada naye hajawahi kulitaja jambo hilo kwangu, na nikilianzisha anakata simu. Jamaa anavua, wanasalimiana.

Nilichojifunza, kwa wenye ndugu mashahidi: msimtangazie mtu safari. Msimpigie nahodha, wala kondakta, wala balozi wa mtaa kwa nia njema. Mfuate mwenyewe, siku kadhaa kabla, uje naye kimya kimya pamoja na watoto wake. Na uwe umeshajua ataishi wapi baada ya hapo, maana kusema ukweli ni siku moja na kuishi ni siku zote. Mimi hilo la mwisho sikuwa nalo jibu, na sina mpaka leo.

Kilichonileta hapa ni hiki. Odeta anakuja Kibirizi kila wiki mbili kushusha dagaa. Ananisalimia, "Habari za kazi, fundi?" Yale maneno ya mumewe ni yake, siyo yangu. Nikimwambia, itathibitika kwamba dada alikuwepo, na kijiji kizima kitasema waziwazi kwamba alidanganya mbele ya jaji. Nikikaa kimya, mama wa watu atazeeka akidhani mumewe alikufa bila kumkumbuka.

Wenye busara semeni, na wenye kunitukana nitukaneni, nitasoma zote. Anashuka tena Ijumaa.