Heri Aliyotakiwa Marcelina

Jumapili ya pili baada ya Pasaka, mtoto Catherine alirudishwa kutoka mlangoni mwa kanisa la kigango chetu akiwa amevaa gauni jeupe la ubatizo. Wazazi wake wamefunga ndoa kanisani. Wasimamizi wake walikuwapo, na mshumaa ulikuwa mkononi mwa baba yake, Dismasi. Katekista Anatoli alinyoosha mkono kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani, akasema, "Huyu bado. Jumuiya haijamkubali mama yake." Watoto wengine wakaingia, mlango ukafungwa. Dismasi aliuvunja mshumaa vipande viwili, kisha akaona haya, akavitia mfukoni.

Mimi ni mwanajumuiya wa jumuiya hiyo. Ninaandika habari za mama wa mtoto huyo, Winfrida, ili ijulikane ni mtu wa namna gani anayeitwa mchawi na mwabudu sanamu mwaloni kwetu, hapa ufukweni pa wavuvi. Ninaandika pia kwa sababu jambo hili limevishwa mavazi ya imani, nalo tangu mwanzo hadi mwisho ni jambo la wivu.

Winfrida alizaliwa Kalinzi, kwenye kahawa na migomba, akateremka ziwani alipoolewa. Mwalo wetu uko kaskazini ya Kibirizi. Wanaume huvua dagaa usiku kwa taa. Asubuhi wanawake huwanunua kwa ndoo na kuwaanika juani juu ya vichanja vya miti na nyavu. Kichanja cha Winfrida kilipakana na vichanja vya Marcelina, ambaye sote tunamwita mama Bariki. Marcelina ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Ana watoto sita, sauti inayobeba kwaya nzima, na vichanja virefu kupita vya mtu yeyote pale ufukweni. Winfrida alikuwa na kichanja kimoja, na mimba zake zilikuwa zikiharibika moja baada ya nyingine.

Hakuna mwingine aliyenisimulia wivu wake; alinisimulia mwenyewe, bila kupunguza neno. "Mtoto wake mchanga akilia," aliniambia, "ziwa langu lilikuwa linauma. Nikimwona ana mimba nyingine, chakula hakipiti. Nilikuwa napokea komunyo nyuma yake huku naomba dagaa wake wanyeshewe."

Marcelina aliujua wivu huo na aliufurahia. Wanawake wa mwaloni wanakumbuka khanga aliyopenda kuivaa alipokuwa mjamzito wa mtoto wa tano, yenye maandishi "Mwenye wivu ajinyonge", na jinsi alivyokuwa akigeuka taratibu mbele ya Winfrida ili maandishi yasomeke yote.

"Mwakeye, dada Winfrida," alikuwa akimsalimu kwa Kiha. "Mbona unaniangalia tumboni? Khanga imekupendeza?"

"Imenipendeza, mama Bariki. Ila imeandikwa kwa herufi ndogo. Ungetafuta bango."

Wanawake walicheka, na Winfrida alicheka nao, kisha alirudi nyumbani na kujifungia ndani.

Mwaka 2015, watu wa Burundi walipokimbilia Kagunga kwa maelfu na kujazana kwenye ule ufukwe mwembamba ulio chini ya mlima, shirika moja la misaada lilitafuta wanawake wanaojua Kiha, kwa kuwa anayejua Kiha huelewana na Mrundi bila shida. Winfrida alikuwa ametoka kupoteza mimba nyingine. Akaenda kupika uji wa wazazi na kutafsiri maneno yao kwa mkunga wa kigeni, mwanamke wa Sri Lanka aliyeitwa Kusuma.

Kusuma alikuwa Mbudha. Kila asubuhi, kabla ya foleni ya wagonjwa, aliketi juu ya kipande cha turubai, akanyamaza, midomo ikicheza kidogo. Winfrida alidhani anasali rozari. Kiswahili cha Kusuma kilikuwa cha kuokoteza, lakini kiliwatosha.

"Unamwomba nani?" Winfrida alimuuliza.

"Siombi. Natakia. Mimi natakia watu heri. Kwanza mimi. Halafu mtu napenda. Halafu mtu sijui. Mwisho, mtu furaha yake inachoma mimi hapa," akagusa kifua.

"Huyo wa mwisho namjua. Anaitwa Marcelina."

"Basi anza huyo! Wengine rahisi."

"Mimi ni Mkatoliki, Kusuma. Siachi rozari yangu."

"Nani kasema acha? Wewe shika rozari. Kwani mimi nataka rozari yako?"

Mafundisho hayo yalikuwa na neno moja zito. Kusuma alimweleza kwamba kwao kuifurahia furaha ya mwenzako ni kazi ya moyo, mtu hujifunza kama anavyojifunza kusuka mkeka, na asiyeifanya hubaki na kidonda kifuani. Winfrida alistaajabu. Mtume Paulo alituagiza kufurahi na wanaofurahi kabla ya kutuagiza kulia na wanaolia. Mwaloni kwetu tumelishika agizo la pili tu. Msibani tunajaa. Mwenzetu akipata, tunanyamaza. Winfrida alikuwa amelisikia agizo hilo tangu utoto, lakini hapakuwa na mtu aliyemwonyesha linafanywaje asubuhi, kwa midomo gani, umeketi vipi. Lilionyeshwa na mwanamke asiyemjua Kristo, na Winfrida akalipeleka kwa Kristo.

Aliporudi nyumbani alikuwa na desturi mpya. Husali fungu moja la rozari, kisha hukaa kimya mbele ya ziwa, akimtakia heri mtu mmoja mmoja. Hakuleta sanamu. Kusuma alipomweleza habari za kufa na kuzaliwa tena, alimjibu, "Hapo sikufuati. Mimi nasadiki ufufuko wa wafu," na Kusuma akacheka, akamwambia amwachie yeye hayo. Tofauti zilizokuwapo zilibaki, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemdanganya mwenzake.

Kazi ya kumtakia heri Marcelina ilimshinda mwaka mzima. Alitamka maneno na moyo ukakataa. Kisha asubuhi moja Marcelina alipita akimbembeleza mtoto wake wa sita, na Winfrida akajikuta anatabasamu kabla ya kukumbuka kununa. "Nililia kwa furaha," aliniambia, "kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kupanda mlima."

Wanawake waliona badiliko hilo. Wakaanza kwenda kwake: mjane, mke aliyeletewa mke mwenza, na Concilie, Mrundi aliyewaacha wazazi wake makaburini Kagunga. Waliketi naye ufukweni wakanyamaza, wakaondoka wamepoa. Hakuwafundisha dini ngeni. Walisali Baba Yetu na kukaa kimya. Baadaye Mungu akamjalia mimba iliyoshika, naye Catherine akazaliwa.

Hapo wivu ukahama nyumba. Kwa miaka mingi mwenye shida mwaloni alibisha mlango wa mwenyekiti. Sasa walipita mlangoni pake bila kusimama. Marcelina alianza kuhesabu migongo yao. Concilie alimsikia akisema, "Yule tasa wa juzi? Amezaa mara moja, amekuwa Bikira Maria!" Sauti yake kanisani ikazidi kuwa kubwa, kama ya mtu anayeshindana na mwimbaji aliyenyamaza.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja, maana juu yake ndipo kosa lote limejengwa. Mwaloni kwetu dagaa mbichi hawasifiwi. Walioko kichanjani ni wa Mungu na jua, hata mwenyewe hasemi "nimepata" mpaka wakauke. Jirani anayetaja wingi wa dagaa mbichi wa mwenzake huhesabiwa kuwa amewatupia jicho la husuda, na wakiharibika hulaumiwa yeye. Winfrida hakuzaliwa ziwani; aliijua desturi hiyo, lakini hakufikiri kwamba inahusu sala.

Masika iliyopita, Marcelina alijaza vichanja vyote. Winfrida alisimama kati ya kichanja chake na vya jirani yake, mtoto mgongoni, rozari mkononi, akatamka kwa sauti ya chini maneno ambayo alikuwa ameyatamka kwa miaka: "Mama Bariki azidi kufurahi. Mali yake isipungue. Furaha yake iwe furaha yangu." Mwanamke mmoja akayasikia. Mchana mvua ikafunguka, ikanyesha hadi kesho yake. Dagaa wa Marcelina wakaoza, wakaenda kuwa chakula cha kuku. Wa Winfrida, ambao walikuwa wachache na walianikwa mapema, walikuwa wameshaanuliwa.

Marcelina alimshitaki Winfrida kwamba amewaroga, na Katekista Anatoli akaitisha kikao cha jumuiya na wazee wa kigango uani kwa Marcelina. Jambo la mlalamikaji likaamuliwa nyumbani kwa mlalamikaji, naye akiwa kitini! Nilisimama nikasema si haki. Niliambiwa niketi.

"Ulisema nini juu ya dagaa wangu?" Marcelina aliuliza.

Winfrida akayarudia maneno yale yote. Mwanamke mmoja akasema, "Mbona ni maneno mazuri?"

"Mazuri?" Marcelina aliruka. "Nani alikutuma kunitakia heri? Mimi ni nani kwako? Ndugu? Wifi? Mtu hakutakii heri bure!"

"Wivu wangu ndio ulinituma, mama Bariki. Nilikuonea wivu miaka mingi. Nilikuombea mabaya hata mbele ya altare. Ndipo nikajifunza kukuombea mema, mpaka wivu ukaisha."

Sijapata kusikia ungamo la wazi namna hiyo katika jumuiya yetu. Nilitazamia Marcelina ainuke amshike mkono. Aliinuka, akapiga makofi.

"Mmemsikia! Amekiri! Alinionea wivu, aliniombea mabaya! Tunataka ushahidi gani tena?"

Anatoli akauliza juu ya "dini ya Kihindi". Winfrida akajibu kwa utulivu kwamba Mungu wake ni mmoja, kwamba Budha hamwabudu, na kwamba anamshukuru Kusuma kama mtu anavyomshukuru aliyemwonyesha njia ya mkato ya kwenda nyumbani kwa baba yake mwenyewe. Katekista akatikisa kichwa. Uamuzi: Winfrida aache kukaa kimya ufukweni na aache kutamka jina la Marcelina, tena aahidi hayo mbele ya wote, la sivyo, mtoto asibatizwe.

"Kukaa ufukweni naweza kuacha," alisema. "Nitakaa jikoni. Lakini niache kumtakia heri jirani yangu? Katekista, hilo nitaliungamaje kwa padri? Niseme nilitenda dhambi ya kufurahi?"

"Usinichezee akili, mama!"

"Sikuchezei, Mwalimu. Ninakuuliza."

Hakuahidi. Ndiyo sababu ya mkono ule ulionyooshwa mlangoni.

Wiki iliyofuata ubatizo uliozuiwa, Marcelina alikwenda Mwandiga kumwona binti yake, akawaacha dagaa wakiwa wameanikwa. Wingu likapanda kutoka upande wa Kongo. Kila mwanamke alikimbilia kichanja chake, kama ilivyo desturi: wako kwanza, kisha wa jirani. Walipomaliza vyao, hakuna aliyegusa vya mwenyekiti, waliogopa kutajwa kuwa wachawi. Winfrida alisimama na mtoto mgongoni. Akiwagusa dagaa wale, ni mchawi. Akiwaacha, wanaoza, naye bado ni mchawi. Dismasi alimwambia, "Waache. Kwa ajili yake mtoto wetu alirudishwa." Nilimwona Winfrida akiuma mdomo, na nakiri kwamba usoni mwake nilidhani nimeuona ule wivu wa zamani umerudi na meno yake yote. Kisha akaanza kuanua. Concilie akamfuata. Waliwaingiza dagaa wote kibandani kabla ya tone la kwanza.

Marcelina aliporudi na kuelezwa, aliwabeba ndoo kwa ndoo, wakiwa wakavu na wazima, akawamwaga ziwani mbele yetu sote. Alikuwa akilia. Nami niliona kwamba hakuwa akiulilia uchawi. Alikuwa akiulilia wema ambao hakuweza kuuzidi wala kuulipa.

Winfrida aliketi juu ya mchanga, akamwangalia, na midomo yake ikacheza. Jioni hiyo nilimuuliza alikuwa akisema nini. "Yaleyale," alinijibu. "Ila leo yamekuwa magumu kama mwaka wa kwanza." Kisha akaniuliza kama gauni la mtoto litamtosha bado mpaka ubatizo unaofuata, wa Krismasi, maana anakua haraka.

Hilo swali ndilo lililonishikisha kalamu.

Katekista Anatoli, nakudai uufungue mlango ulioufunga. Hukupewa ufunguo huo ili uwapimie watu wivu wa jirani zao. Kama una shaka juu ya imani ya Winfrida, mpeleke kwa paroko naye amsikilize mwenyewe, wala si uani kwa anayemshitaki. Ninyi wazee wa kigango mliokaa kimya siku ile, nawadai mfute uamuzi huo hadharani, kama ulivyotolewa hadharani, na mtangaze kanisani kwamba mwanajumuiya asiitwe tena mchawi, kwa maana mnajua vizuri neno hilo limewafikisha wapi akina mama wengine wa mkoa huu.

Na wewe, mama Bariki. Sikudai umpende. Nakudai usimame mlangoni mwa kanisa siku ya ubatizo ujao, umbebe Catherine mikononi, umwingize ndani kabla gauni halijambana.