Kidude Chini ya Kiti

Fundi wa kampuni alipofunga kidude chini ya kiti cha pikipiki yangu ya umeme, nilimuuliza mara tatu kama kinajua ninakokwenda.

“Hapana, Mzee. Hii inahesabu tu vile gurudumu inazunguka.”

Alisema bila kunitazama, nikazidi kumshuku. Waliotuita kwenye majaribio ya ada ya barabara pale Kondele walikuwa wametueleza kwamba wenye petroli hulipia barabara kila wanapojaza tangi, ilhali sisi wa umeme tunapita bure. Basi siku zijazo tutatozwa kwa kilomita. Hilo sikulipinga. Shida yangu ilikuwa Jumanne.

Kila Jumanne nilikwenda Ahero kumwona baba. Alimwacha mama miaka mingi iliyopita akaenda kuishi na mwanamke mwingine, na sasa miguu imemvimba, hatembei. Mama, ninayeishi naye, hataki hata atajwe nyumbani. Mimi nilimdanganya kwamba Jumanne nina wateja wa uwanja wa ndege. Na pikipiki yenyewe imeandikishwa kwa jina la mama, maana chama chake cha akiba ndicho kilichonidhamini mkopo.

Nikaamua kukipima kile kidude. Siku moja nikiwa Muhoroni nilimwomba dereva wa trekta la miwa aipakie pikipiki kwenye trela tupu. Alinicheka mpaka akakohoa. Gurudumu nililifunga kamba, halikuzunguka hata kidogo, lakini tuliposhuka kilomita sita zilikuwa zimeongezeka kwenye kidude. Niliogopa, sifichi. Yule fundi alinidanganya mchana kweupe; kidude kilijua nilikopita.

Mwisho wa mwezi ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama: kilomita zote, pamoja na ramani. Nilimkuta jikoni amevaa miwani, kidole chake kikifuata mstari mwekundu hadi Ahero. Jumanne zote nne zilikuwa pale. Nikaanza tena habari za uwanja wa ndege, akaninyamazisha kwa mkono.

“Anakula?”

“Kidogo.”

Akaiweka simu chini. Alichota dagaa wa omena wa kukaanga kwenye sufuria, akawatia katika kopo la majarini, akabonyeza kifuniko pande zote kuhakikisha kimeshika.

“Kesho umpelekee. Lakini hiyo pikipiki wacha hapa, panda gari.”

“Kwa nini, Mama?”

“Hao watu wa ramani wasijue nimemtumia chakula.”