Aliyesamehewa na Kanisa Zima

Shemeji yangu alirudishwa kwa dada na gari la kanisa, mchana kweupe, amelazwa kiti cha nyuma kama godoro kuukuu. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wote wa kulia, na yule mwanamke wake wa pili alikuwa amemtoa nje pamoja na viatu vyake. Huyu ndiye aliyemvunja dada yangu mkono, akabeba kila kilichobebeka nyumbani, hata mapazia, akaenda zake. Sasa mchungaji alisimama mlangoni, mikono kifuani, akamwambia dada, "Mama, Mungu amekupa nafasi ya kusamehe. Wengi wanaiomba hawaipati."

Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kila neno.

Dada yangu lazima mumjue. Alipoachwa, aliingia bekari kufagia unga uliomwagika, akapanda mpaka akawa mwokaji mkuu. Tanuri lile alilijua kwa shavu: alisogeza uso karibu na mlango wake, akasema bado, au akasema weka, na wanaume wazima walimsubiri aseme. Mimi nafanya kazi hapo hapo, upande wa kutia mikate kwenye mifuko, na niliona alivyotembea mle ndani, mabega juu. Kazi ile ndiyo iliyomrudishia utu wake. Akaiacha, akae nyumbani kumgeuza mume asiote vidonda mgongoni.

Jumapili wakamsimamisha mbele ya kanisa wakampigia makofi. Mchungaji akahubiri habari za kumpenda adui, akimwonyesha dada kwa kidole. Baadaye akina mama wa kanisa wakaja nyumbani kumfariji. Walileta nyimbo, sabuni hawakuleta. Waliimba wamejibana dirishani, leso puani, halafu wote kwa pamoja wakakumbuka kwamba wameacha chakula motoni.

Na mgonjwa mwenyewe je? Mdomo ulipinda, matusi yalinyooka. Dada akimlisha uji, anautema, tena anaulenga. Nimemwona dada akipangusa uji kwenye nyusi zake huku akiitwa mchafu na mtu aliyelalia mkojo wake mwenyewe. Nepi, shuka, ngozi ya mgongo inayobanduka, harufu inayokufuata mpaka kwenye sahani yako: hayo yote, mahubiri yaliyaruka. Kumpenda adui wa mwenzio ni kazi nyepesi sana, unaweza kuifanya umevaa suti.

Nilimwendea mchungaji nikamwomba waumini wapeane zamu, kila nyumba usiku mmoja tu, dada apate kulala. Alinitazama kwa huruma, huruma ya kumtazama mtoto aliyejichafua.

"Kila mtu ana msalaba wake, binti yangu," akasema. "Tusimpokonye mama thawabu yake."

Haukupita muda mwenye bekari akamletea dada ujumbe kupitia kwangu. Aliyeshika nafasi yake alikuwa anaunguza mikate. Dada arudi Jumatatu. Asiporudi, anaajiriwa mwokaji mwingine wa kudumu na habari yake inaishia hapo. Dada alinisikiliza huku akimgeuza mgonjwa. Jumapili akamkalisha mumewe kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma mpaka kanisani, akangoja watu waseme amina, akasimama.

"Mmemsamehe ninyi nyote," akasema. "Basi kaeni naye. Mimi kesho naenda kazini."

Akamwekea shemeji mfuko wa nepi mapajani, akatoka. Nilimfuata barabarani nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumatatu mikate ya kwanza ilitoka na rangi yake ya zamani. Mwenye bekari, mtu asiyejua kusifu, alikula kipande amesimama, akachukua na kingine. Ndipo gari la kanisa likaingia uani, madirisha yote wazi. Mchungaji alishuka upesi, akasimama mbali na gari alilokuja nalo mwenyewe.

Usiku kucha shemeji alikuwa amelazwa kwenye benchi la ofisi ya kanisa, peke yake, mlango umefungwa kwa nje. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na wageni, na mke wa mchungaji, tukaambiwa, kifua chake hakitaki harufu. Mfuko wa nepi ulikuwa bado mapajani, haujafunguliwa.

"Tumejaribu, mama," mchungaji alisema. "Lakini hii inataka mtu mwenye wito."

Dada aliinamia dirisha la gari. Shemeji hakutukana. Midomo ilikuwa imemkauka, na inzi walimtembelea pembeni mwa jicho la kulia lisilofumba, bila mtu wa kuwafukuza. Dada akawafukuza kwa mkono wenye unga. Kisha akaanza kufungua aproni yake.

"Dada, usithubutu," nikamwambia. "Mwenye bekari anakutazama."

"Namwona."

Mchungaji akashusha pumzi. Uso ulimnawiri pale pale, macho makavu. "Huo ndio msamaha, mama. Huo ndio upendo tunaoufundisha."

"Sijamsamehe," dada akamkata. "Hata siku moja. Namchukia mpaka namwota." Akanipa aproni, akafungua mlango wa gari, akaingia kwenye harufu ile, akakiweka kichwa cha shemeji pajani pake. "Lakini siwezi kumwacha na watu kama ninyi. Mtamuua."